Pata Potea ya Mfukoni

Mazungumzo ya redio kutoka Moi's Bridge
Masomo ya kusoma nyumbani: Mithali 13:11, Mathayo 25:14–30, Yohana 19:23–24

  

Leo twataka kuzungumza juu ya tatizo ambalo halina harufu. Mtu akinywa pombe, mkewe humnusia mlangoni. Akivuta bangi, macho yake humsema. Lakini mtu aweza kupoteza fedha zote za nyumba yake akiwa ameketi kando ya mkewe, watoto wakila chakula, yeye akitazama simu yake tu, na mtu yeyote asijue. Tatizo hilo ni kamari ya simu, ambayo vijana wetu huiita kubeti.

Ninyi mlio na umri mnaukumbuka mchezo wa karata tatu. Siku ya soko mtu alikuja na sanduku, akapanga karata zake tatu juu yake, akazichanganya haraka haraka, akawaambia watu waonyeshe ile yenye picha. Wa kwanza kushinda alikuwa mwenzake, aliyejifanya mpita njia. Wa pili alikuwa mkulima aliyeuza kuku wake, naye alirudi nyumbani bila kuku na bila fedha. Mchezo ule uliitwa pata potea. Na kwa kweli aliyeupa jina hilo alisema ukweli kuliko wale waliouchezesha, maana yaliyompata mkulima yule yote yamo katika maneno mawili hayo.

Lakini pata potea ya sokoni ilikuwa na mipaka yake. Ilikuja siku ya soko tu. Askari akionekana, mwenye karata alibeba sanduku lake akakimbia. Fedha zilizokuwa mfukoni zikiisha, mchezo uliisha. Pata potea ya leo haina mipaka hiyo. Iko mfukoni pamoja na kitambulisho chako. Haifungi jioni, wala haipumziki siku ya Bwana. Na fedha zako zikiisha, simu hiyo hiyo iko tayari kukukopesha nyingine.

Jambo hili limekuaje hata likafika hapa? Kamari si ngeni katika nchi yetu. Sheria ya Kenya ya kusimamia kamari na bahati nasibu ilitungwa mwaka 1966, lakini kwa miaka mingi kamari ilikuwa mambo ya mijini, ya watu wenye suti katika nyumba zenye taa nyingi. Mwaka 2007 ilianza M-Pesa, nasi twamshukuru Mungu kwa chombo hicho, kwa sababu mama aliye Moi's Bridge aweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa kabla uji haujapoa. Lakini njia ile ile inayoleta fedha nyumbani yaweza pia kuziondoa. Tangu mwaka 2014 hivi kampuni za kubashiri mpira zilishika njia hiyo, na kwa miaka michache tu zikaenea hata vijiji visivyo na lami wala stima. Fedha zilikuwa nyingi hata mwaka 2017 jina la SportPesa likaandikwa vifuani mwa wachezaji wa Everton huko Uingereza. Mwaka huo huo uchunguzi wa GeoPoll uliwauliza vijana wa nchi sita za Afrika kama wamewahi kucheza kamari. Katika Kenya vijana 76 kwa kila 100 walijibu ndiyo, na nchi yetu ikawa ya kwanza kati ya hizo sita. Huo si ushindi wa kupigiwa makofi.

Serikali imejaribu kuzuia. Mwaka 2019 ilisema kwamba fedha zinazozunguka katika kamari nchini zilikuwa zimepanda kwa miaka mitano hata zikapita shilingi bilioni 200, na kwamba vijana wapatao 500,000 walikuwa wameorodheshwa kuwa wadeni wasiolipa. Mwezi wa Julai mwaka huo kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya, na mwezi wa Septemba kampuni mbili kubwa zikafunga kazi. Lakini wachezaji walihamia kwingine, na baada ya muda milango ikafunguliwa tena. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi wa Agosti 2025 Rais William Ruto akatia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, kuchukua mahali pa ile ya mwaka 1966. Twaishukuru serikali kwa kila hatua. Lakini hakuna sheria iwezayo kukaa chini ya blanketi usiku wa manane, kijana akiwa peke yake na simu yake.

Sasa hebu tuhesabu kidogo, maana Mungu ametupa akili ili tuitumie. Kijana hutuambia, "Baba mchungaji, mbona watu wanashinda? Mwaka 2017 mtu mmoja hapa Kenya alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 kwa tiketi ya shilingi 100 tu." Ni kweli, alishinda. Lakini tiketi ile ilitaka atabiri michezo 17 bila kukosea hata mmoja. Kila mchezo una matokeo matatu: wenyeji washinde, watoke sare, au wageni washinde. Ukizidisha tatu kwa tatu mara 17 utapata njia 129,140,163 za kuijaza tiketi hiyo, na iliyo sawa ni moja tu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulikuwa Wakenya kama milioni 47 na nusu. Kama kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana na nyanya asiyeona, angejaza tiketi mbili, na zote ziwe tofauti, bado zaidi ya njia milioni 30 zisingeguswa na mtu. Utasema, "Lakini mimi naujua mpira." Vema, kuujua kwasaidia kidogo. Lakini yule anayepanga bei za dau naye anaujua, na ana mashine za kumsaidia, naye hupanga bei hizo ili abakishe chake, ushinde wewe au ashinde jirani yako.

Tena siku hizi wengi wameuacha hata mpira. Wanacheza ule mchezo wa ndege, Aviator. Ndege ndogo inapaa katika kioo cha simu, fedha zinapanda pamoja nayo, na mchezaji lazima atoe zake kabla ndege haijatoweka. Kila duru ni jambo la muda mfupi sana, wakati mwingine sekunde chache tu. Tuseme mwenye mchezo anabakisha shilingi 3 tu katika kila shilingi 100 zinazowekwa. Twaona ni kidogo, hata mwenye duka hapa Moi's Bridge hachukui faida ndogo hivyo. Lakini mchezaji haweki mara moja, huweka tena zile zilizorudi. Kwa wastani, baada ya duru 10 shilingi zake 100 zimebaki kama 74. Baada ya duru 50 zimebaki kama 22. Baada ya duru 100 hazifiki 5. Na duru 100 zaweza kuchezwa kabla sufuria ya maharagwe haijaiva. Mwenye mchezo hana haja ya kudanganya. Yamtosha kukungoja.

Haya, tuyaache mahesabu, tuingie nyumbani. Mji wetu huu wa Moi's Bridge, ambao zamani za walowezi uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mzungu aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia, ni mji wa mahindi. Hapa mtu hapokei mshahara kila mwisho wa mwezi. Hupanda mvua za mwezi wa tatu na wa nne, hupalilia, hungoja, na kuanzia mwezi wa kumi huvuna. Halafu malori husimama ghalani kwa Halmashauri ya Nafaka, wachuuzi huzunguka mashambani, na fedha za mwaka mzima huingia katika simu kwa siku moja. Hiyo ndiyo siku ya baraka katika nyumba ya mkulima. Na kwa wengine imekuwa siku ya hatari kuliko zote.

Tuseme yupo kijana mwenye mke na watoto wawili, aliyekodi ekari mbili upande wa Matunda. Ameuza magunia 20 kwa shilingi 3,000 kila moja, akapata shilingi 60,000. Ndani ya fedha hizo imo karo ya mtoto, imo kodi ya shamba, imo mbegu na mbolea ya mwaka ujao. Jumamosi anaweka shilingi 500 katika mpira wa Uingereza, anashinda 4,000. Ananunua nyama, nyumba nzima inafurahi, wala hakuna anayeuliza. Ndoana imeingia hapo, katika kile kitoweo. Jumamosi ya pili anaweka 2,000, anapoteza. Anaweka 5,000 ili arudishe zile 2,000. Kisha anaingia katika ndege. Krismasi inapofika, shilingi 60,000 zimekuwa 9,000. Hamwambii mkewe, kwa maana moyoni anasema, "Bado kidogo. Nikirudisha tu, nitaacha." Anachukua Fuliza. Anachukua mkopo wa simu ili alipe Fuliza. Naye ni mweka hazina wa chama cha vijana, na shilingi 18,000 za wenzake zimo katika simu yake. Anazigusa, akisema ni za kuazima mpaka Jumatatu.

Mwezi wa tatu mvua inanyesha. Majirani wanapanda. Mke anatayarisha jembe, anamwuliza mumewe, "Mbegu iko wapi?" Wapendwa, mvua ya Mungu imekuja, shamba limelimwa, mikono ipo, na mbegu hakuna. Mwaka mzima wa nyumba hiyo umeliwa kabla haujaanza.

Kijana huyu si mtu mmoja. Tumemkusanya kutoka nyumba nyingi. Wengine wenu mnaomsikiliza mnamjua, na labda mmoja wenu sasa hivi amenyosha mkono apunguze sauti ya redio. Ndugu yetu, usiizime. Hatukuja kukuaibisha.

Neno la Mungu lasemaje? Wako wanaotuambia kwamba Biblia haina amri isemayo usicheze kamari. Tena hutukumbusha kwamba mitume walipiga kura walipomchagua Mathiya mahali pa Yuda, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya kwanza. Ni kweli. Lakini mitume waliomba kwanza, na hakuna aliyeweka fedha mezani, wala Mathiya hakuondoka na mali ya mwenzake. Kuna kura nyingine katika Biblia iliyo karibu zaidi na kamari yetu. Tunaisoma katika Yohana sura ya 19. Askari wanne walikuwa chini ya msalaba. Waligawana mavazi ya Bwana Yesu, na kwa ajili ya kanzu yake wakapiga kura. Juu yao Mwana wa Mungu alikuwa akitoa uhai wake kwa ajili yao, nao hawakuinua macho. Walikuwa wakitazama kura. Hivi ndivyo kamari inavyomfanyia mtu. Humfanya asimwone anayeteseka karibu naye kwa ajili yake. Mama yako anachuuza mboga juani ili ule, nawe watazama kura. Mtoto wako amefukuzwa shule arudi na karo, amesimama mlangoni na mkoba wake, nawe watazama kura.

Wengine, hasa wakulima wenzetu, husema, "Hata kilimo ni kamari. Twapanda bila kujua kama mvua itakuja, au kama bei itakuwa nzuri." Hilo ni neno la kujibiwa kwa heshima, maana mkulima ajua hatari. Lakini tuangalie tofauti. Mkulima akifaulu, nani amepoteza? Hakuna. Jirani amepata unga, mwenye kinu cha posho amepata kazi, mwenye lori amepata mzigo. Hatari ya mkulima huzaa chakula. Lakini katika kamari hakuna kinachozaliwa, hata punje moja. Ukishinda shilingi 4,000, zimetoka katika mifuko ya wenzako walioshindwa, baada ya mwenye mchezo kukata chake. Ile nyama uliyonunua Jumamosi ni karo ya mtoto wa mtu mwingine. Na Bwana Yesu alipotoa mfano wa talanta katika Mathayo 25, aliwasifu watumwa waliofanya biashara na mali ya bwana wao ikaongezeka. Hakumsifu aliyeficha mali ya bwana wake. Je, angemsifu aliyeipoteza? Nacho kitabu cha Mithali chatuonya kwamba mali ipatikanayo bila kazi hupungua, lakini ikusanywayo kidogo kidogo kwa mkono huongezeka. Wazee wetu walisema hivyo hivyo: haba na haba hujaza kibaba.

Hapa yatupasa sisi tulio katika kanisa tujitazame pia. Mara nyingine mtu aliyeshinda kamari huleta sehemu ya kumi madhabahuni, na watu hupiga vigelegele. Twapokea nini hapo? Twapokea machozi ya nyumba nyingi katika bahasha moja, na vijana wote walioketi nyuma wamefundishwa kwamba Mungu amebariki mchezo ule. Yafaa mchungaji amwite mtu huyo kando, amwulize kwa upole, "Kabla hujatoa hapa, je, mkeo ajua? Je, una deni? Umelipa ulichomchukulia mtu?" Vilevile kuna mahubiri yanayowaambia watu walete shilingi elfu moja kama mbegu ili Mungu awarudishie elfu kumi kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana anayesikia hayo asubuhi, na matangazo ya kamari jioni, ataona tofauti gani? Mungu wetu si mashine ya kuwekea dau. Yeye ni Baba, na neema yake haina tiketi.

Tena tusiwadharau vijana wetu. Wengi hawachezi kwa sababu ni wavivu. Wamemaliza shule, wengine wamemaliza chuo huko Eldoret, wamezunguka na vyeti vyao mpaka viatu vikatoboka. Shamba la baba limegawanywa hata limekuwa kipande kidogo tu. Boda boda ni ya mkopo. Mtu asiyeona mlango wowote hushawishiwa na dirisha lolote. Tukiwahukumu tu bila kuwasaidia, tutakuwa kama yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando ya mtu aliyejeruhiwa, nasi tunajua Bwana alisemaje juu yao.

Basi tufanye nini? Twasema kwanza na wewe uliyenaswa. Usijaribu kurudisha ulichopoteza. Hili ndilo neno kubwa kwako leo. Fedha zile zimekwenda, na kuzifuata ni kuzidisha kaburi. Shirika la Afya Ulimwenguni limeuweka utumwa wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, kwa hiyo usione aibu kutafuta msaada kama mtu mwenye malaria. Mwambie mtu mmoja leo kabla hujalala: mkeo, ndugu yako, mchungaji wako, au mwalimu uliyempenda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kisha fanya mambo ya mikono. Iandikie kampuni ikufungie jina lako usicheze tena. Ondoa mchezo katika simu. Kwa muda, fedha za mavuno ziingie katika simu ya mkeo au ya mama yako, siyo kwa sababu wewe ni mtoto, bali kwa sababu aliyevunjika mguu hupewa mkongojo. Andika madeni yako yote katika karatasi moja, hata yale usiyotaka kuyaona. Nenda kwa wenzako wa chama kabla hawajaja kwako, useme nao juu ya kulipa kidogo kidogo. Pale Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wako madaktari wa magonjwa ya akili wanaoelewa mambo haya. Na kama moyo umekuwa mzito hata umefikiri kujiondolea uhai, tafadhali usikae peke yako usiku huu. Mwamshe mtu. Piga simu ya Msalaba Mwekundu, nambari 1199, haina malipo. Deni lililipika kwa mtu aliye hai. Hakuna deni la shilingi lenye thamani ya uhai ambao Kristo aliufia.

Kwenu wake, waume na wazazi, twasema: mkiambiwa habari hii, mtalia, na ni haki yenu kulia. Lakini msilaani. Mwana mpotevu katika Luka sura ya 15 alirudi kwa sababu alikumbuka kwamba kwa baba yake kulikuwa na mlango. Wakati huo huo, msikimbilie kulipa deni lote kwa siku moja kwa kuuza ng'ombe, halafu simu ikabaki vile vile mkononi mwake. Baba yule wa Luka alimvika mwanawe vazi na pete, lakini hatusomi kwamba alimpa tena urithi wa kwenda kuutumia mbali. Msamaheni bure, na fedha mzilinde. Upendo unaweza kufanya yote mawili.

Kwenu mnaoongoza vyama na vikundi vya kanisa: fedha za watu wengi zisikae katika simu ya mtu mmoja. Ziwekwe benki au katika chama cha akiba, kwa sahihi za watu watatu, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Hivyo hamwonyeshi kwamba hamumwamini mweka hazina. Mnamkinga na usiku ule atakaojaribiwa. Na kwenu mlio na mashamba, warsha, au ujuzi wowote: mchukueni kijana mmoja. Mfundisheni kuchomelea, kufuga kuku, kupanda mboga kando ya mto wakati wa kiangazi. Kijana aliyechoka kwa kazi na kulipwa jioni ana sababu ya kulala usiku.

Wapendwa, mavuno yatakuja tena. Mvua atanyesha Bwana, naye hapigi kura ni shamba la nani apite na la nani aache. Ewe uliyepoteza mbegu, nenda kwa jirani yako mnyenyekee, uombe hata debe moja. Anza na kipande kidogo. Hicho kidogo, ukikitunza, ni chako kweli, na hakuna ndege atakayepaa nacho.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe watupa mvua na jua, na mikono ya kufanyia kazi. Twawaleta kwako ndugu zetu walionaswa na kamari, wale tunaowajua na wale wanaoficha. Uwape ujasiri wa kusema kweli usiku wa leo. Uwafariji wake na watoto wanaokosa kwa sababu yake. Uwape hekima watawala wetu wanaoitunza sheria mpya, wasiuze vijana wa nchi hii kwa sababu ya kodi. Ulitakase kanisa lako na tamaa. Uwafungulie vijana wetu milango ya kazi, nasi utufanye tayari kuifungua ile iliyo mikononi mwetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Bwana awabariki nyote. Mpaka tutakapokutana tena redioni, kwaherini.